Naomba ushauri: vifurushi vya kazi za mikono kwa askari walio mbali na nyumbani

Ndugu zangu, nataka kuwaandalia askari waliopelekwa kulinda mbali vifurushi vya kazi za mikono visivyo na gharama kubwa, kwa kuwa naamini mikono ikipata la kufanya, saa ndefu za kungoja zamu hupungua uzito. Nimekwisha kutenga nyuzi za kufumia, sindano za kroshia za mbao, penseli za rangi na kamba imara za kusuka bangili. Gundi na rangi za maji nimeziacha, maana huweza kuvuja njiani. Je, ni kazi gani nyingine nyepesi, isiyohitaji meza wala mkasi, ambayo hata asiyewahi kushika sindano ataimaliza? Tena, kila askari apate kifurushi chake, au nitume kimoja kikubwa wagawane?