Mrejesho: shilingi ya Charles I iliyopungua uzito

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo shilingi ya fedha ya Mfalme Charles I wa Uingereza niliyoinunua London ni ya bandia, kwa kuwa ina gramu 5.1 ilhali ilipaswa kukaribia gramu 6. Nimeikagua kwa kioo cha kukuzia kama mlivyonishauri, na sasa naamini kwamba ni halisi, ila ilikatwa kingo. Sarafu hizo ziligongwa kwa nyundo, mviringo wake haukuwa kamili, na kwa hiyo wajanja waliweza kuzimega fedha kidogo kidogo bila kugundulika upesi. Katika yangu, vichwa vya herufi za CHRISTO AVSPICE REGNO, maandishi ya Kilatini yanayozunguka ukingo, vimetoweka upande mmoja. Namba XII nyuma ya kichwa cha mfalme, yaani peni 12, inasomeka vizuri. Mwaka haukuandikwa, jambo lililonitatiza mwanzoni, lakini alama ya kiwanda cha sarafu, pembetatu ndani ya duara, inaiweka kati ya 1641 na 1643. Muuzaji, ambaye aliieleza kuwa “kamili”, amekubali kunirudishia sehemu ya bei, nami nimeamua kubaki nayo, kwa kuwa nyingi za aina yake ziliyeyushwa kuanzia 1696, sarafu za kale zilipokusanywa na kutengenezwa upya kwa mashine chini ya Mfalme William III.