Wakongwe wa TF2, mpwa wangu si boti!

Wakuu, salaam.

Wanaonifahamu humu wanajua mimi si mtu wa kufungua nyuzi za lawama. Leo nafungua. Mods, naombeni msiuunganishe na ule uzi wa "wikiendi tunacheza nini", maana huku hakuna cha kuchekeana.

Jana usiku mpwa wangu katolewa kwenye mechi tano ndani ya saa moja na nusu. Sijasimuliwa, nilikuwa nimekaa nyuma ya kiti chake na kikombe changu cha chai. Mtoto ana miaka 16, yuko likizo, na kompyuta niliyompa ni ile yangu ya zamani ambayo gemu za siku hizi haiziwezi kabisa, basi nikamwekea Team Fortress 2 (TF2), gemu ya timu mbili kupigana kwa risasi mtandaoni. Gemu imetoka Oktoba 2007, dogo hata hajazaliwa. Nikamwambia: hapa utakuta watu wazima, watu waliokaa na gemu moja miaka na miaka, watakufundisha. Nimeaibika mbele ya mtoto wa dada yangu.

Mechi ya tatu ndiyo iliyonichoma. Ramani ya Badwater, timu yao inasukuma mkokoteni, wapinzani wamesimika bunduki inayojifyatua ya Engineer (fundi) kwenye kona, kila anayechungulia anachanwa. Dogo anacheza Medic, yaani daktari wa timu. Kajibanza nyuma ya Heavy mmoja (lile jitu la bunduki kubwa), kamponya, kamponya, chombo chake kikajaa, na akasubiri (akasubiri! wangapi kati yenu mnasubiri?) mpaka Heavy alipoikaribia kona ndipo akaachia kinga ya kutodhurika. Sekunde nane. Bunduki chini, waliokuwa wanailinda chini, mkokoteni ukapita. Nikampiga bega kwa furaha. Haijaisha hata dakika, dirisha la kura likatokea pembeni: mchezaji fulani atolewe, sababu ni udanganyifu. Naangalia jina, la kwake. F1, F1, F1 (kitufe cha kura ya ndiyo). Nje.

Medic anadanganya vipi wakuu? Anaponya kupita kipimo?

Najua kwa nini walimtoa, maana nami nimewahi kubonyeza hiyo F1 mara nyingi tu. Jina alilojipa dogo lina herufi na namba zimechanganyikana kama pleti ya gari. Kichwani hana kofia hata moja, zile za mapambo tunazojikusanyia wakongwe. Na hasemi. Kwa mkongwe wa gemu hii, mtu wa namna hiyo ni boti, kesi imekwisha.

Kwa wasiocheza, boti ninazosema si zile za kwenda Unguja. Ni programu zinazoingia kwenye mechi zikijifanya wachezaji. Miaka ile zilipotushambulia, ulikuwa ukitoka mlangoni tu unakuta Sniper (mdunguaji) anazunguka kama pia, hakuangalii, na risasi iko kichwani mwako tayari. Zilijaza kelele kwenye maikrofoni. Zilikuwa zinaiba majina ya wachezaji walio ndani ya mechi, ili ukipiga kura ya kumtoa fulani usijue fulani yupi. Na zikiwa nyingi kwenye timu, zenyewe ndizo zilipiga kura na kukutoa wewe mwenye damu. Mei 26, 2022 wachezaji tukapaza sauti siku moja mitandaoni, Valve, wenye gemu, wakajibu kwamba wametusikia. Kukatulia kidogo, zikarudi. Juni 2024 tukapiga kelele upya, sahihi zikapita 300,000, ukurasa wa gemu kule Steam, duka la gemu la Valve, ukajazwa maoni mabaya makusudi, na kufikia katikati ya mwaka ule akaunti za boti zikaanza kufagiliwa kwelikweli. Nilitia sahihi. Nilijivuna hata ofisini kwa watu wasiojua ninachosema.

Ila kuna jambo lilitokea 2020 ambalo wengi wetu tumelisahau kwa sababu halikutugusa. Ili kuzima kelele za boti, akaunti mpya za bure zilinyang'anywa mazungumzo kwenye mechi rasmi za Valve. Huandiki, huongei, mpaka uwe umenunua kitu dukani mwa gemu. Silaumu uamuzi wenyewe, wakati ule hali ilikuwa mbaya na dawa ilitakiwa. Lakini maana yake ni kwamba mgeni wa leo anaingia bubu. Anaulizwa "wewe ni boti?" na hana mdomo wa kujibu. Halafu nyie mnasema kanyamaza, basi ni boti! Akili gani hii? Umemfunga mtu plasta mdomoni, kisha unamhukumu kwa kutojitetea.

Boti zimepungua. Kidole kimebaki palepale juu ya F1.

Baada ya mechi ya tano nikasema isiwe taabu, nitampeleka mahali penye ustaarabu. Kuna seva moja ya wakongwe, iko Ulaya, jina nalihifadhi. Nimecheza pale miaka minne, nawajua kwa sauti, mmoja wao nilimpa pole alipofiwa na baba. Dogo kaingia, dakika kumi, kafungiwa. Si kutolewa, kufungiwa moja kwa moja. Sababu: pingi 190, yaani ishara kwenda kwenye seva na kurudi inachukua milisekunde 190.

Sasa sikilizeni. Pingi yangu mimi pia ni 190. Nyumba moja, ruta moja, bando moja! Nikamwandikia msimamizi, nikamuuliza mbona mimi hamjanifungia siku zote hizi. Jibu lake: wewe tumekuzoea.

Nimelisoma hilo jibu mara tatu.

Na msije mkaniambia sielewi habari ya pingi. Naelewa vizuri. Seva ya gemu hii ikipokea risasi ya mtu wa mbali, inarudisha saa nyuma kidogo na kuangalia adui alikuwa wapi kwa macho ya huyo mtu alipofyatua. Ndiyo maana unaweza kuwa umeshajificha nyuma ya ukuta na bado ukafa, na inaudhi, nakubali. Lakini huyu alikuwa Medic, alikuwa anaponya! Na umbali hakuuchagua. Ishara inatoka pwani yetu, inapita chini ya bahari mpaka Ulaya, inarudi. Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika, sisi huku hata barua pepe zilikuwa zinasuasua, nyie mnaendelea na mechi zenu, na tulivyorudi hatukumdai mtu pole.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hawa hawa ndio waliaji. Kila mwezi kuna uzi: gemu inakufa, Valve wametutelekeza, sasisho kubwa la mwisho lilikuwa Jungle Inferno, Oktoba 2017, tangu hapo tunalishwa ramani na kofia walizotengeneza wachezaji wenyewe. Kweli kabisa. Julai 2023 idadi ya waliounganishwa ilipita 250,000 kwa wakati mmoja, tukashangilia, ingawa kila mtu alijua humo ndani boti hazikosi. Desemba 2024 ikatoka sehemu ya saba ya katuni ya gemu hii, baada ya kungojea karibu miaka minane, watu wazima wenye ndevu wakalia. Alipofariki Rick May, aliyekuwa sauti ya mhusika Soldier (askari), mwaka 2020, ziliwekwa sanamu ndani ya ramani, na niliona maadui wameacha kupigana, wamesimama mstari mmoja kuipigia saluti. Nami nilisimama. Ni moja ya mambo mazuri niliyowahi kuona kwenye kioo cha kompyuta.

Halafu mtu huyo huyo, mwenye machozi ya katuni, anaona mtoto hana kofia anabonyeza F1 bila hata kusoma jina.

Mimi nilianza 2011 gemu ilipofanywa ya bure. Faili nilibeba kwenye eksteno (diski ya nje) ya jamaa wa hosteli, maana kuipakua kwa bando la wakati ule ungeuza godoro. Tulikuja wengi, na wale walionunua gemu kwa hela zao walitudharau sana, tuliitwa kila jina. Lakini siku ya pili tu nikamkuta Engineer mmoja pale kwenye ramani ya 2Fort, Mjerumani nadhani kwa lafudhi, akanisimamisha na kunionyesha kwa kunipigia spana ukutani mahali pa kuficha bunduki isionekane na wanaotokea mferejini. Hakuniuliza nimelipa shilingi ngapi. Jina lake sikulishika. Mahali pale bado napatumia.

NYONGEZA: Naona jamaa kashacomment "si aweke dola tano tu apate mdomo". Mkuu, dola tano ninazo na nitamwekea, leo hii hii. Lakini dogo mwenyewe kaniuliza asubuhi, "Mjomba, nikilipa hawatanitoa?" Mjibuni nyie. Mimi nilijifanya natafuta chaja.

NYONGEZA 2: Nimejitoa kwenye ile seva. Msinitumie ujumbe wa faragha kuomba jina lake, sitalitaja. Jumamosi saa tatu usiku tutakuwa 2Fort, mimi Engineer, dogo Medic, jina bado lile lile la pleti ya gari, kagoma kulibadilisha na nimemuunga mkono. Mwenye kuja aje. Atakayeitisha kura ya kumtoa aanze na yangu.