Loliondo: madiwani walishasema HAPANA, nani aliwasikiliza?

Wakuu nimechoka kusoma kila siku eti "wananchi wa Loliondo walishirikishwa" ardhi ya malisho yao huko wilayani Ngorongoro ilipomegwa kuwa pori la hifadhi. Walishirikishwa na nani, kikao gani?

Sheria ya wanyamapori ya 2009 iko wazi, pori tengefu anatangaza Waziri na pori la akiba anatangaza Rais, ila wote BAADA ya kushauriana na serikali za mitaa husika. Yani diwani hayupo pale kupiga makofi, katajwa na sheria. Na hao walishakataa zamani. 2013 Kagasheki, Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati ule, alipotangaza kumega kilomita za mraba 1,500 kwenye zile 4,000 za Loliondo madiwani wakagoma, hadi wa CCM wakatishia kurudisha kadi, mpaka Waziri Mkuu Pinda akafunga safari Septemba kuja kuwaambia wananchi mpango umekufa. Msimamo wa wilaya ulijulikana mpaka juu kabisa.

Alafu Juni 2022 kitu kile kile, 1,500 zile zile, bikoni (nguzo za mpaka) zinachimbiwa, askari wamejaa. Madiwani wanaitwa kikaoni tarehe 9 wanaishia mahabusu, kesho yake tarehe 10 askari polisi anauawa kwa mshale (aliyefanya vile simtetei hata kidogo), na watu waliokuwa ndani tangu jana yake wanapewa kesi ya mauaji! Imekuja kufutwa Novemba. Na tangazo la pori la akiba limetoka lini? Oktoba, wakiwa bado gerezani. Sasa hapo mlishauriana na nani?

Septemba 2023 Mahakama Kuu Arusha ikabatilisha tangazo la kwanza, lile la pori tengefu la Juni 2022, sababu ushirikishwaji haukufanyika. Bikoni hazikung'oka maana tayari lipo tangazo lingine, lile la pori la akiba.

Na nyie mnaosema wafugaji wanamaliza nyasi, hivi mmewahi kuuliza malisho ya kule yanaendeshwaje? Nyumbu wakizaa, ng'ombe wanaondolewa kwenye nyasi zile, kwa sababu ndama wa nyumbu anabeba ugonjwa ambao ng'ombe akiupata ndio basi, hauna dawa, kwa hiyo lazima uwe na pengine pa kwenda, na karibu na boma panaachwa alalili, malisho ya akiba kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa, hapagusiki mpaka wazee na serikali ya kijiji waseme. Ukichukua osero (lile pori la kilomita 1,500) yenye maji na malisho ya kiangazi mzunguko wote umekufa, mifugo inabanana kwenye kipande kilichobaki, nyasi zinaisha kabla ya muda, ndio mnakuja na picha za vumbi kusema mnaona wanavyoharibu? Ng'ombe akivuka bikoni anakamatwa, ni faini, na kuna waliopigwa mnada kabisa. Hiyo ni ada ya mtoto wa mtu, ni matibabu ya mama wa mtu.

Mkuu wa wilaya kateuliwa, mkurugenzi kateuliwa, diwani ndio mtu tuliyempangia foleni kumpigia kura. Akisema hapana kwa niaba ya kata yake hiyo sio uchochezi, ni kazi tuliyomtuma.

Kwa hiyo anayesema halmashauri ilishirikishwa 2022 alete muhtasari wa kikao wenye tarehe, ajenda na sahihi za madiwani. Auweke hapa tuusome wote.