Rangi ya boti inayoonekana mbali: nyeupe, njano, chungwa au nyekundu?

Mvuvi wa Tongoni
Assalaam aleikum wadau. Nina boti ya faiba, futi 23, mashine ya hospawa 40. Nje ni buluu, ndani nyeupe, kama nilivyoinunua. Nataka kuipaka upya kabla upepo wa kusi haujakolea.

Sababu ni hii. Juzi jioni, jua linazama, tulikuwa tumezima mashine tunavuta nyavu. Boti ya abiria ya mwendo kasi ikapita karibu kiasi kwamba nilimwona mtu kasimama sitahani na kikombe mkononi. Haikupunguza mwendo wala haikupiga honi. Mtoto wa kaka yangu alikuwa omoni, mbele kabisa ya boti, akipiga kelele na kupunga jezi, na jezi yenyewe ya buluu. Nina hakika hatukuonekana. Usiku ule sikulala.

Nimebakiwa na rangi nne kichwani: nyeupe, njano, chungwa, nyekundu. Aliyewahi kujaribu anieleze.

Fundi Nungwi
Pole sana mkuu, mshukuru Mungu mmerudi. Mimi ni mtu wa nyeupe. Faiba ukiipaka rangi iliyokolea inashika joto, mchana hukanyagi bila viatu, na barafu ya samaki inayeyuka mapema. Halafu zile rangi kali za kumeremeta, za chungwa na njano, jua la huku linazila haraka. Mwanzo zinawaka, kaskazi mbili tatu zikipita unabaki na kitu kama chai ya maziwa. Nyeupe inachakaa lakini inabaki nyeupe.

Baharia Mstaafu
Fundi, kwa joto uko sahihi. Kwa kuonekana sikubaliani nawe, na nitaeleza kwa nini, maana nimekaa miaka mingi zamu ya kuangalia mbele kwenye meli za mizigo.

Sisi wavuvi tunapima rangi tukiwa tumekaa chini, ndani ya boti nyingine. Macho yako yakiwa mita moja juu ya maji, upeo wako ni kama kilomita tatu na nusu tu, na boti ya mwenzako unaiona imesimama mbele ya anga. Mbele ya anga, hata nyeusi inaonekana vizuri. Sasa panda chumba cha usukani cha meli, mita 25 juu. Upeo unasogea hadi maili 10 za bahari, na boti ndogo ya jirani huioni tena mbele ya anga. Unaiona chini yako, nyuma yake ni maji matupu. Maji ni buluu, kijani au kijivu. Boti ya buluu hapo imejificha kabisa.

Nyeupe siku ya shwari inaonekana. Lakini kusi ikivuma na bahari ikaanza kupiga povu, kila wimbi linalovunjika ni boti nyeupe. Unaliona doa, unanyanyua darubini, povu. Doa jingine, povu tena. Baada ya nusu saa ubongo unaacha kuamini madoa meupe. Ndipo mvuvi anapopitiwa.

Na muda ni mdogo. Chombo kinachokwenda maili 30 kwa saa kinamaliza maili moja kwa dakika mbili. Dakika hizo mbili ndizo za kukuona, kuamua na kugeuza.

Kwa mchana, kura yangu ni chungwa iliyoegemea nyekundu. Si bahati kwamba maboya okozi na mahema ya maboti ya kuokolea kwenye meli nyingi ni rangi hiyo. Juu ya maji ni nadra kuona kitu cha asili chenye rangi ya chungwa, isipokuwa jua likizama.

Mama Dagaa Kunduchi
Baba, hiyo ya jua kuzama ndiyo iliyonifanya niandike. Mwenzetu hakupitiwa mchana. Alipitiwa magharibi.

Mimi nina boti tatu, na mwaka jana nilitaka kujua jambo hilihili. Nilichukua madumu manne ya lita 20, nikayapaka nyeupe, njano ya kumeremeta, chungwa na nyekundu. Vijana wakayatia nanga mstari mmoja mbele ya ufukwe, nami nikakaa juu na mkeka na chai kuanzia alasiri hadi giza. Nilirudia siku kadhaa.

Saa tisa alasiri, chungwa lilikuwa la kwanza kuvuta jicho. Nyekundu ilifuata. Jeupe lilionekana maji yakiwa tulivu, upepo ukiongezeka nikawa nalitafuta. Ilipofika saa kumi na mbili hivi mambo yakageuka. Dumu jekundu likawa la kahawia, kisha jeusi, kisha likapotea, na bado kulikuwa na mwanga wa kutosha kumtambua mtu anayepita ufukweni. Chungwa lilififia baada yake. La njano, lile lenye ukijani kidogo, ndilo lililobaki pamoja na jeupe mpaka nilipoitwa kuswali.

Baadaye mwanangu anayesoma akanieleza: jicho la mtu mchana linaipokea vizuri zaidi njano yenye ukijani, na giza likiingia uwezo wa kuona nyekundu ndio unaoondoka mwanzo. Kwa hiyo nyekundu tupu nimeifuta kabisa kwenye orodha yangu. Inapendeza dukani, magharibi inakuacha.

Mlamu wa Shela
Nami nina moja dogo. Huku kwetu tunapenda nakshi, mistari mitatu minne ubavuni, nyota omoni. Ni urithi na sitaki upotee. Ila kwa mbali mistari myembamba inachanganyika na kuwa kijivu, jicho haliitenganishi. Rangi ya kuokoa maisha iwe bapa moja kubwa, nakshi ikae karibu na jina. Na kwa wenye tanga: tanga liko juu kuliko ubavu, ndilo linaloonekana mwanzo. Kipande cha chungwa juu karibu na foromali, ule mti unaoshikilia tanga, kinafanya kazi kuliko ndoo nzima ya rangi ubavuni.

Kijana wa Mkoani
Wakubwa zangu shikamooni. Mnazungumzia boti iliyosimama wima. Mimi nataka kuzungumzia iliyopinduka.

Tuliwahi kutoka kuwatafuta jamaa zetu upande wa mkondo wa Pemba. Boti yao ilikuwa njano ya kupendeza, kila mtu kijijini aliijua, na sote tulikuwa tunatafuta njano. Ilikuwa imelala kifudifudi. Tumbo lake lilipakwa buluu iliyokolea. Tulipita si mbali nayo mara mbili, na mara ya tatu mmoja wetu aliona mkono ukinyanyuka, hakuiona boti. Walikuwa wanne, wameshikilia mkuku, ule uti wa chini wa boti, midomo imepasuka kwa chumvi. Wote walirudi hai, alhamdulillahi. Mmoja wao alituambia mara zote mbili alituona tunapita, akaita, upepo ukachukua sauti.

Wazee walipaka tumbo la chombo chokaa na shahamu, nyeupe, kwa ajili ya wadudu wa maji. Leo tunapaka rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo. Mkuu wa Tongoni, nakuomba: chini ya mstari wa maji paka njano au chungwa kabla hujafikiria ubavu. Siku unayohitaji kuonekana kuliko zote, huenda ubavu uko ndani ya maji.

Baharia Mstaafu
Mwanangu, hilo ni kubwa kuliko yote niliyoandika.

Niongeze la usiku, maana rangi haifanyi kazi gizani. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinakiruhusu chombo cha mashine kilicho chini ya mita 7 kiwashe taa moja tu nyeupe inayoonekana pande zote, ikiwa mwendo wake wa juu hauzidi maili 7 za bahari kwa saa. Futi 23 ni mita 7 na nukta, na hospawa 40 inakwenda zaidi ya hapo. Hivyo wewe huna msamaha huo. Unahitaji nyeupe ya pande zote pamoja na nyekundu kushoto na kijani kulia. Ukiwa kwenye nyavu zinazokuzuia kugeuka, weka nyekundu juu ya nyeupe.

Na faiba, kama mbao, kwenye rada hairudishi kitu cha maana. Bati tatu zilizoungwa kwa pembe mraba, zikapandishwa juu ya mti, zinasaidia. Bandika pia mikanda ya rifleta kama ya malori, ubavuni na tumboni. Tochi ya waokoaji ikiigusa inawaka.

Mvuvi wa Tongoni
Nimesoma yote mara mbili, mengine nimemsomea kijana kwa sauti. Tumekubaliana hivi. Tumbo lote njano yenye ukijani, kwa kuwa boti tunaivuta pwani kila siku na haihitaji dawa ya wadudu wa maji. Ubavu chungwa, bapa moja toka omo hadi shetri, mbele mpaka nyuma. Ndani inabaki nyeupe kwa ajili ya miguu na barafu, ila turubai la omoni litakuwa chungwa, anayetazama toka juu alione. Taa natafuta wiki hii hii, kabla ya rangi.

Fundi, hilo la kufifia tunalifanyaje?

Fundi Nungwi
Nimekuelewa, na ya Kijana wa Mkoani yamenigusa. Piga msasa mpaka mng'ao wa zamani uishe, osha chumvi kwa maji baridi, acha ikauke siku nzima. Praima nyeupe kwanza, usiipake chungwa juu ya buluu, itakufa. Kisha mikono mitatu myembamba, si mmoja mzito. Bakiza kopo moja lililofungwa vizuri, kila mwaka kabla ya kusi unarudia mkono mmoja. Tumbo nalo usilisahau.