Mjadala: Mwanafunzi wa uhandisi achague fani siku ya kuomba chuo, au baada ya mwaka wa kwanza?

Wadau, heshima kwenu. Ndugu aliyenitangulia anasema chuo cha ufundi si sekondari: kijana aje akijua anataka sivili (ujenzi), umeme au mekanika (mitambo), kwani miaka 3 ya stashahada ni michache mno kuanza kumzungusha. Mimi napinga.

Selform, yaani fomu ya kuchagua shule na vyuo vya kuendelea navyo, hujazwa shuleni kabla hata ya mtihani wa kidato cha nne. Ni kweli baada ya matokeo kuna nafasi ya kubadili, lakini kijana ni yule yule wa miaka 17, hajaona kipya. Anachokijua ni barabara inayopita kwao na kompyuta, basi huko ndiko anakokimbilia. Nani amewahi kumwambia kwamba Chuo cha Ufundi Arusha kinafundisha ujenzi pamoja na umwagiliaji, au kwamba Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) anaweza kusomea ufundi wa vifaa tiba? Mara nyingi anayechagua ni mjomba. Na tangu mikopo ianze kutolewa kwa baadhi ya fani za stashahada mwaka wa masomo 2023/24, wapo wanaofuata mkopo. Siwalaumu hata kidogo, ada ni ada.

Napendekeza mwaka wa kwanza wote, yaani ngazi ya 4 katika mfumo wa tuzo za ufundi (NTA), uwe wa pamoja. Hesabu, michoro ya kihandisi na karakana vinamhusu kila mtu. Mpe kila mmoja tupa ya kusugulia na kipande cha chuma kilichobanwa kwenye jiliwa, akisawazishe mpaka akiweka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, juu yake mwanga usipenye. Hapo utamwona mwenye mkono na subira ya mekanika, na yeye mwenyewe atajijua. Baadaye afunge waya za taa moja inayowashwa na swichi mbili. Ajenge kona ya ukuta kwa timazi. Mwisho wa mwaka achague, kwa alama zake na kwa hiari yake.

Kwa wanaosema waajiri wanataka mtu aliyebobea, tazameni bwawa la umeme la Julius Nyerere kule Rufiji. Tuta ni kazi ya sivili, turbaini 9 ni mekanika, na megawati 235 zinazotoka kwenye kila mtambo ni umeme. Pale angalau kila fani ina watu wake. Lakini kwenye kituo kidogo cha umeme wa maporomoko huko vijijini, fundi sanifu anaweza kuwa mmoja tu: asubuhi anatoa majani na matope kwenye chujio la mfereji, mchana anatega sikio kwenye beringi inayounguruma, usiku breka imekata na watu wanampigia simu. Kama tangu siku ya kwanza alifundishwa umeme peke yake, beringi ikifa kijiji kitalala giza mpaka aje mtu wa mjini.

Hoja moja ya wenzangu inanipa tabu, nayo ni karakana. Fani zote zikiingia pamoja, jiliwa hazitatosha, na watano watasimama kumtazama mmoja akipiga tupa. Bila zamu za jioni, na bila bajeti ya vifaa kuongezwa kwanza, pendekezo langu litakwama.

Walimu wa karakana mliomo humu, semeni: kwa vifaa mlivyonavyo leo, zamu ya jioni inawezekana?