Maziwa mabichi yauzwe au yapigwe marufuku?

ChuchuSafi: Mkamuaji akijua kazi, yauzwe tu. Michirizi 3 ya kwanza iende kwenye kikombe cheusi utazame mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele, kisha osha, kausha, kamua, chuja, poza hadi nyuzi 4 ndani ya saa 2. Bakteria watoke wapi?

MlaMtindi: Ndani ya ng'ombe mwenyewe. Bruselosi, ugonjwa wa ng'ombe unaofika kwa mtu kupitia maziwa, haijali usafi wako. Halafu wengi wenu mnaosha kiwele kama mnaosha gari.

ChuchuSafi: Kama gari? Maji yana kosa gani?

MlaMtindi: Yakizidi huteremka na samadi mpaka kwenye chuchu, kisha tone kwa tone ndooni. Osha chuchu, achana na kiwele kizima. Na usipokausha, heri usingeosha.

BiNdoo: Kitambaa je? Kimoja kikipita ng'ombe 10 na kuchovywa ndoo ileile, mnasambaza ugonjwa wa kiwele kwa zamu. Kila ng'ombe na chake, kichemshwe, kianikwe juani.

ChuchuSafi: Nani kakwambia nina kitambaa kimoja? Soma kwanza!

BiNdoo: Sijakutaja. Nimerusha jiwe gizani, nimesikia yalaa.

FundiMakopo: Mnagombania vitambaa na dumu la plastiki limekaa hapo! Shingo nyembamba, mkono hauingii, ndani mikwaruzo mitupu. Utando wa bakteria hujibanza humo. Tumieni chombo cha chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo mpana. Suuza kwanza kwa maji vuguvugu, maana ya moto hugandisha protini ukutani. Ndipo maji moto, sabuni na brashi, kisha kipinduliwe kikauke. Ukoko mweupe mgumu ni madini ya maziwa: huo unang'olewa na asidi, sabuni haifui dafu.

MlaMtindi: Na baridi msiiabudu. Bakteria aitwaye Pseudomonasi hukua hata kwenye nyuzi 4, taratibu, na vimeng'enya vyake huhimili kuchemshwa. Ndiyo maana maziwa ya siku nyingi huwa machungu kabla hayajachacha.

ChuchuSafi: Kwa hiyo umekubali usafi ndio mpango.

MlaMtindi: Wapi? Maziwa yapashwe moto: nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Basi.

MpitaNjia: Dawa ya kuchovya chuchu mbona hamjaitaja? Baada ya kukamua tundu la chuchu hukaa wazi nusu saa hata zaidi. Mpeni ng'ombe majani asimame, asilalie samadi.

FundiMakopo: Iodini?

BiNdoo: Iodini inafaa. Ukichovya na kabla ya kukamua, iache sekunde 30, halafu futa sawasawa isiingie kwenye maziwa.

ChuchuSafi: Kwa kitambaa kipi sasa, Bi Ndoo?