Naomba ushauri: wimbo mmoja wa Kirega umetugawanya kanisani

Ndugu wapendwa, Yesu asifiwe. Niko Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Kadutu, naongoza kwaya katika parokia moja ya Kiprotestanti. Wengi wetu ni Washi, ila tuna Warega waliotoka Shabunda na Wafuliru wa upande wa Uvira. Siku zote tuliimba Kiswahili tu. Juzi akina mama Warega waliomba wimbo mmoja kwa Kirega wakati wa matoleo, nikakubali. Ngoma ilipoanza, mabenchi mawili ya nyuma yakasimama kucheza. Mzee mmoja wa kanisa akafunga kitabu chake cha nyimbo, pap! akatoka nje. Sasa anasema naingiza ukabila madhabahuni. (Mwenyewe akizidiwa na maombi huhamia Kimashi, lugha ya Washi, lakini hayo tuyaache.)

Nasoma Matendo 6: Wayahudi wa Kiyunani walipolalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, mitume hawakuwanyamazisha. Walichaguliwa watu saba, na majina yao yote ni ya Kiyunani. Lakini mimi si mtume, na mzee huyu ndiye aliyenifundisha solfa nikiwa mtoto.

Nimwendee nyumbani peke yangu, au nilipeleke jambo hili kwenye baraza la wazee? Na Jumapili hii, akina mama wale niwaambie nini?